Cherehani Inayotembea Mezani: Kisa cha Mguu Mmoja wa Mpira Uliopotea

Mteja ni mama mmoja wa Tandika, Dar es Salaam, anayeshona nyumbani: madera, sare za shule, mapazia ya watu wanaohamia nyumba mpya. Cherehani yake ni ya umeme, ya kuweka juu ya meza, mtumba kutoka Ulaya, mwili wake aluminiamu tupu, yenye zigizaga na mishono michache ya mapambo. Alikuwa na malalamiko matatu kwa mpigo. Mshono unakwenda kombo, sindano zinavunjika, na mashine inapiga kelele mpaka jirani anagonga ukuta usiku.

Mafundi wengine walikuwa wameshapita. Mmoja alikaza tensheni ya uzi. Mwingine alibadilisha sindano, akamwambia aongeze mafuta kwa sababu chuma kinasagana. Wa mwisho akasema mguu wa kubana kitambaa umekwisha, akamfungia mpya, na baada ya hapo ndipo sindano zikaanza kuvunjika kwelikweli. Hakuna hata mmoja aliyeilaza mashine akatazama chini yake. Nawaelewa, kwa sababu ugonjwa wa cherehani mara nyingi uko pale sindano ilipo, na mkono wa fundi huenda huko wenyewe. Ila mashine hii ilikuwa na dalili moja ambayo tensheni haiwezi kuieleza, na mwenyewe aliitaja mwishoni kabisa, kama jambo la kawaida tu.

"Nikishona pindo refu la pazia, mwanangu, nikimaliza naikuta imeshageukia dirishani."

"Tangu lini, mama?"

"Tangu nihamie hapa. Nikaona labda meza ndiyo inateleza."

Meza ilikuwa nzima, imara, imenyooka. Nikaweka kiganja kwenye kona ya mbele kushoto, chini ya upande wa sindano, nikabonyeza kidogo. Kona ikazama, na kona ya nyuma kulia ikainuka. Nikachomoa waya ukutani, tukatandika taulo, tukailaza mashine chali. Chini kulikuwa na nafasi nne za miguu na miguu mitatu ya mpira. Pale pa nne palibandikwa kipande cha kandambili kwa supagluu, kimebonyea kikawa chembamba kama sarafu. Skrubu yake haikuwepo. Kumbe wakati wa kuhama mguu uling'oka garini, mama akaanza kwa kukunja boksi la biskuti, kisha akahamia kwenye kandambili.

Kwa nini mguu mmoja ulete balaa lote hilo? Watu husema kiti cha miguu mitatu hakiyumbi, na ni kweli, lakini miguu ya kiti hicho imepangwa kukizunguka kitovu cha uzito. Cherehani ni ya mstatili na miguu iko kwenye kona. Ukiondoa mmoja, uzito unabaki umekalia mstari unaokwenda kutoka kona moja hadi ya pili kwa mshazari, na kitu chochote kidogo kinauangusha upande huu au ule. Sasa weka mwendo juu yake. Cherehani nyingi za nyumbani hufikia mishono 800 hadi 1,000 kwa dakika. Kwa mishono 800, sindano inashuka na kupanda kama mara 13 kila sekunde, na kila mara mashine nzima inagonga meza kwenye ile kona isiyo na mguu. Kelele aliyoisikia jirani ilikuwa ya aluminiamu na ubao.

Mshono wenyewe ulikombokea mikononi mwa mshonaji. Mikono huongoza kitambaa kwa kulinganisha na meza na kiti alichokalia. Mashine inapogeuka taratibu, anaifuata bila kujua, na kwenye pindo la pazia la mita kadhaa hilo linaonekana waziwazi. Isitoshe, mama huyu alijizoesha kukaza kitambaa ili mashine isikimbie. Kitambaa kikivutwa wakati sindano iko ndani, sindano inapinda, inakosa kitanzi cha uzi, au inagusa bati, kile kipande cha chuma chenye tundu la sindano chini ya kitambaa. Mishono inarukwa. Fundi akiona mishono imerukwa, anakimbilia sindano na tensheni.

Hapo hapo ulikuwepo mguu wa pili, ule wa juu. Fundi wa mwisho alitoa mguu wa kubana kitambaa uliokuwa na nafasi pana, akafunga wenye tundu dogo la duara, wa aina inayofungwa kwenye cherehani za kukanyaga zinazoshona mstari mnyoofu tu. Kwa mshono mnyoofu unafaa sana, tena unakishika kitambaa vizuri. Lakini mama anazungusha kitufe kwenye zigizaga ili azibe kingo za sare, sindano inakwenda kushoto, inakutana na chuma, inakatika. Tukaurudisha ule wa zamani, uliokuwa bado kwenye droo na haukuwa na kasoro yoyote.

Niseme kidogo kuhusu huu wa juu kabla sijaurudia wa chini, kwa sababu ndio wengi wanaoununua kwa kubahatisha. Jina la mashine halitoshi. Shusha mguu ukae juu ya bati, kisha pima kwa rula kutoka katikati ya skrubu inayoufunga hadi kwenye bati. Ukipata kama milimita 13, mashine yako ni ya mguu mfupi, na hiyo ndiyo hali ya cherehani nyingi za nyumbani, za zamani na za sasa, pamoja na zile nyeusi za kukanyaga tunazozijua. Ukipata kama milimita 25, ni ya mguu mrefu, ambao upo kwenye mashine nyingi za kiwandani. Zipo pia mashine za Singer ambazo sindano yake imeinama kumwelekea mshonaji, na hizo zina miguu yake pekee. Baada ya hapo angalia upana wa nafasi ya sindano na upana wa meno yanayosukuma kitambaa. Nenda dukani na mguu wa zamani mfukoni hata kama umevunjika, na ukishafunga mpya, zungusha gurudumu kwa mkono polepole katika mshono mpana kuliko yote ulio nao kabla hujakanyaga pedali.

Turudi chini. Ile mitatu iliyobaki ndiyo iliyonifanya nikae chini nifikiri. Miwili ya kulia ilikuwa imekauka, migumu, kucha haiingii. Wa nyuma kushoto ulikuwa kinyume chake: umevimba, laini, unanata, umeacha duara jeusi kwenye meza. Mashine moja, umri mmoja, mpira wa aina moja. Tofauti ilikuwa mafuta. Yalikuwa yakishuka kutoka kwenye mhimili wa chini na kuchuruzika mpaka kwenye mguu ule. Mpira wa asili na jamaa zake wengi hauvumilii mafuta ya madini kama haya ya cherehani: huyanyonya, huvimba, hupoteza nguvu, mwisho hugeuka ujiuji.

Na mafuta hayo yalitoka wapi kwa wingi namna ile? Yalitoka kwenye ushauri. Mguu ulipotea, mashine ikapiga kelele, akaambiwa aongeze mafuta. Akaongeza kila siku, kwa moyo mmoja, kwenye kila tundu aliloliona. Mafuta yakashuka, yakaula mguu mwingine, mashine ikazidi kuyumba, kelele ikaongezeka, akaongeza mafuta tena. Hilo liliniuma, maana mwanamke huyu alikuwa anaitunza mashine yake kuliko wateja wengi ninaowajua, na utunzaji wenyewe ndio ulioiharibu.

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kubadilisha yote minne. Alitamani tutafute mmoja tu, na kwa mtu anayehesabu kila shilingi namwelewa. Lakini mguu mpya laini na mrefu kidogo ukiuweka pamoja na mikavu iliyopungua kimo, mashine inayumba upya kwa mshazari mwingine. Miguu inapaswa kuwa na kimo kimoja na ugumu mmoja, na hilo huwezi kulipata kwa kuchanganya mpya na ya miaka 30.

Uamuzi wa pili ulihusu tutafute nini hasa. Kuuliza kwa jina la mashine kulishindikana haraka, maana ilikuwa ya toleo ambalo vipuri vyake haviletwi hapa. Lakini mguu wa mpira haujali jina lililoandikwa kwenye mashine. Unajali vipimo vitano: kipenyo cha juu, kipenyo cha chini, kimo, tundu la skrubu, na kina cha kile kishimo ambamo kichwa cha skrubu hujificha. Tukavisoma kwenye ule mguu mkavu uliokuwa umeharibika kidogo kuliko wenzake. Juu milimita 20, chini 17, tundu 4. Kimo ndicho kilichohitaji busara, kwa sababu mguu wa zamani umekwisha kulika na kubonyea. Tulipata milimita 10, lakini mahali ulipokuwa umefichwa ndani ya kikombe cha aluminiamu palionyesha ulikuwa mrefu zaidi. Tukakubaliana na 12. Cha lazima ni kwamba mguu uzidi vichwa vya skrubu na trei iliyo chini ya mashine, na kwamba yote minne ilingane.

Kuna namna nne kuu za kufunga miguu hii, na ukizijua huhangaiki dukani. Upo wa skrubu, kama huu, wenye washa ya chuma ndani ya mpira ili skrubu isiutoboe. Upo wa kusukuma, wenye shingo inayopenya kwenye tundu la bati na kujishika. Upo wa kuvisha, kama kofia juu ya ncha ya chuma. Na upo wa kubandika kwa gundi yake yenyewe. Wa kubandika hufaa kwa kitu kikavu na chepesi, labda redio au simu ya mezani. Kwenye cherehani yenye mafuta gundi inaachia, hata uisafishe vipi, kwa sababu mafuta yatarudi.

Kuhusu mpira wenyewe nina msimamo. Kandambili ni povu. Inapendeza siku ya kwanza, kisha inabonyea na hairudi. Kipande cha tairi kinadumu na hakibonyei, wachonga katambuga watakukatia vizuri sana, lakini ni kigumu kwa mashine nyepesi, kinapitisha mtikisiko na kinachora meza nyeusi. Mpira wa nitraili, ule unaotengenezewa oili sili za injini, ndio unaovumilia mafuta kuliko mingine ya bei ya kawaida. Silikoni inavumilia joto, kama nyuzi 200 hivi, kwa hiyo ndiyo ya kuweka chini ya jiko la umeme au mashine ya kuchoma mkate. Mpira wa milango na madirisha ya magari huvumilia jua na mvua lakini mafuta huuharibu. Watu wa viwandani hupima ugumu kwa kipimo kiitwacho Shore A: raba bendi iko karibu na 30, tairi karibu na 65. Mguu wa mashine ya mezani unafaa ukiwa kati ya hapo. Asiye na kipimo abonyeze kwa kucha: kucha iingie kidogo, na alama ifutike mara moja.

Tulianza Kariakoo kwenye maduka ya vipuri vya cherehani. Kulikuwa na mikanda, mota, bobini, sindano za kila namna, miguu ya kubana ya kila umbo, lakini ya mpira hapana. Muuzaji mmoja, mzee mpole, alinielekeza kwa mafundi wa redio, na hapo ndipo penyewe. Fikiria ni vitu vingapi vya mezani vina miguu minne ya mpira yenye washa ndani: amplifaya, sabufa, deki za zamani za kanda za video. Vinakufa kwa umeme, si kwa miguu. Fundi mmoja alikuwa na amplifaya iliyoungua, imebaki kasha, na chini yake miguu minne ileile, haijaguswa na mafuta maishani mwake. Juu milimita 20, chini 18, kimo 12. Aliniuzia pamoja na skrubu zake, akiwa anashangaa ninavyoipima kwa vernia, kile kipimo cha kubana.

Wanaoagiza kwa intaneti watakuta miguu ya namna hii inauzwa kwa pakiti, na wauzaji wa China hutaja vipimo kwa mfuatano: kipenyo cha juu, cha chini, kimo. Ukiwa umeshapima, kuagiza si kubahatisha tena. Angalia tu picha uhakikishe washa ya chuma imo ndani.

Skrubu za amplifaya hatukuzitumia, na hapa naomba msomaji asipite haraka. Skrubu ya mguu inaingia kwenye mwili wa mashine, na upande wa pili wa ukuta huo kuna mihimili inayozunguka na vyuma vinavyocheza. Skrubu ndefu kupita kiasi inaweza kugusa chuma hicho, au kupasua aluminiamu unapoikaza. Tukaingiza kijiti cha kiberiti kwenye tundu mpaka kikagota, tukakitia alama kwa kucha, tukapima: milimita 9. Ongeza unene wa mpira ulio chini ya kichwa cha skrubu pamoja na washa, milimita 6, unapata 15. Tukachukua za milimita 14. Nyuzi za skrubu tulizijaribu kwanza kwa vidole, bila bisibisi, na M4 ya kawaida, yaani yenye kipenyo cha milimita 4, ikaingia mpaka mwisho. Kwa Singer za zamani usitegemee bahati hiyo, nyuzi zake hazifuati vipimo vya sasa, kwa hiyo skrubu ya asili itunzwe kama dhahabu. Lile tundu lililokaa bila mguu lilikuwa limejaa uchafu na chembe za gundi, tukalisafisha kwa kijiti na kitambaa chenye spiriti. Supagluu iliyoganda ilitoka kwa kukwanguliwa taratibu na ukingo wa kadi ya simu.

Jambo jingine dogo lenye uzito: kichwa cha skrubu lazima kizame ndani ya mguu kiasi kwamba hata mpira ukibonyea chini ya uzito wa mashine, chuma hakigusi meza. Kikigusa, umerudisha kelele ileile uliyokuwa unaifukuza.

Baada ya kufunga tuliijaribu kwa karatasi ya daftari. Mashine ikiwa imesimama mezani, unapitisha ukingo wa karatasi chini ya kila mguu. Mitatu iliishika karatasi, wa nyuma kulia ukaiachia ipite. Ilikuwa mabaki ya mpira wa zamani ndani ya kikombe cha mguu wa jirani, yakiusukuma chini kuliko wenzake; tukayakwangua, yote ikakaa sawa. Kisha mama akashona. Alianza polepole, akaongeza, akakanyaga pedali mpaka mwisho. Mashine ilinguruma mahali pamoja. Aliinua mikono yote miwili kutoka kwenye kitambaa, akaitazama ikishona peke yake mstari mnyoofu, akasema, "Kumbe nilikuwa nashindana nayo."

Juu ya meza hiyohiyo ilikuwepo blenda, na kwa kuwa tulikuwa tumeshaanza habari ya miguu akaniomba niiangalie: inazima yenyewe ikiwa na moto. Chini yake miguu miwili kati ya minne haikuwepo, na ili isiteleze alikuwa anaikalisha juu ya kitambaa kilichokunjwa. Blenda nyingi huvuta hewa ya kupoza mota kutoka chini. Miguu ndiyo inayoacha nafasi ya hewa hiyo kupita, na kitambaa kilikuwa kimeziba matundu yote. Mota ikapata joto, kinga yake ikakata umeme kama ilivyopaswa. Miguu yake ni ya kusukuma, na hapo kipimo muhimu ni kipenyo cha tundu na unene wa plastiki, kwa sababu mfereji kwenye shingo ya mguu lazima ulingane na unene huo. Ukiwa mpana, mguu unadondoka siku ya kwanza ya kuihamisha blenda. Ukiwa mwembamba, utaukata mpira kwa kuulazimisha. Lowesha shingo kwa maji ya sabuni, izungushe huku ukiisukuma, usitumie mafuta.

Friji na mashine ya kufulia nguo ni habari nyingine, maana miguu yao ni ya nyuzi, hurefuka na kufupika. Friji nyingi hutaka mbele pawe juu kidogo ili mlango ujifunge wenyewe. Mashine ya kufulia inataka iwe sawa kwa pande zote, na ile nati ya juu ya mguu ikazwe dhidi ya mwili wa mashine, la sivyo mguu utajizungusha wenyewe wakati wa kukamua. Na kama mashine mpya ya kufulia inarukaruka siku ya kwanza, kabla ya kugusa miguu angalia nyuma kama boliti za usafirishaji zimetolewa.

Nilirudi Tandika baadaye kuiangalia cherehani. Mshono umenyooka, jirani amenyamaza. Lakini mguu wa nyuma kushoto, palepale mafuta yaliposhuka, umeanza tena kulainika kwenye ukingo. Mafuta ya siku zile bado yamo ndani ya mashine yanatafuta njia. Tumekubaliana hivi: tone moja kwenye kila tundu la mafuta, na hapo ni baada ya siku ya kazi nyingi tu, trei ya chini ifutwe kila mwisho wa juma, na mguu ule mmoja nimchongee kutoka kwenye kipande cha nitraili, kutoka kwa wauza oili sili, kwa vipimo vilevile vya wenzake, 20, 18 na 12. Nitalazimika kutafuta kipande chenye ugumu unaokaribiana na ile mitatu, na hiyo ndiyo kazi iliyobaki.